Waridi siyo damu: nilivyojiandaa kwa usaili wa mkemia wa sayansi jinai

Swali lenyewe, kwenye mtihani wa mchujo, lilikuwa la mstari mmoja. Doa kwenye shati limegeuka waridi kwa kipimo cha Kastle-Meyer, kile cha rangi cha kutafuta damu. Hiyo ina maana gani? Majibu manne, chagua moja. Nilichagua "shati lina damu ya binadamu" nikasonga mbele bila hata kulirudia, kwa sababu ndivyo nilivyokariri chuoni, nikakariri tena gheto, nikakariri mara ya tatu ndani ya basi kutoka Moshi kwenda Dodoma.

Wakati wa kurudi nilifungua madesa yangu nijihakikishie. Kabla hatujafika Kondoa nilishajua nimekosea. Kipimo kile hakisemi binadamu. Kwa kweli hata damu yenyewe hakiithibitishi. Kinachosema ni kwamba hapa pana kitu chenye tabia kama ya damu, endelea kuchunguza. Wiki chache baadaye orodha ya walioitwa mahojiano ilitoka, nikaisoma kutoka A hadi Z, nikairudia. Jina langu halikuwemo.

Naandika haya kwa ajili yenu mnaojiandaa. Kila tangazo la nafasi za Mkemia Daraja la II linapotoka, simu yangu hailali. Dada, una nondo? Dada, nitumie maswali ya mwaka jana. Sina maswali ya mwaka jana, na ninaamini kwa dhati kwamba hata ningekuwa nayo yasingewafaa sana. Nilichonacho ni namna nilivyosoma mara ya pili, na sababu iliyonifanya nisome hivyo.

Tuanze na yale ambayo hayana kemia ndani yake, maana ndiyo yanayowaumiza wengi. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni taasisi ya umma, hivyo nafasi zake zinapitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Unaomba mtandaoni, majina yanatoka kwenye PDF ndefu, unafanya mchujo wa kuandika, ukipita unaitwa mahojiano, na baadhi ya kada zina usaili wa vitendo katikati. Nauli, chakula na malazi ni juu yako. Vyeti viwe halisi, kuanzia cha kuzaliwa, na hati ya matokeo haichukui nafasi ya cheti. Mara ya kwanza nilimwona msichana akilia nje ya geti kwa sababu jina lake kwenye kitambulisho na jina lake kwenye cheti cha kidato cha nne yalipishana herufi moja, na hakuwa na hati ya kisheria ya kuonyesha kwamba ni mtu yuleyule. Alikuwa amesoma kuliko mimi, nilikuwa nimemsikia akiwafundisha wenzake kwenye foleni. Kagua vyeti vyako leo, kabla hujafungua daftari.

Sasa nije kwenye sababu.

Mwaka niliomaliza kidato cha sita, baba mkubwa alifariki ghafla. Alikuwa amepulizia kahawa dawa ya wadudu siku mbili mfululizo, bomba mgongoni, bila barakoa wala glovu, na bomba lile lilikuwa linavuja. Shati lilimgandia mgongoni. Jioni ya pili alioga, akala, akalala. Saa tano usiku akaanza kutoka jasho na mate, akatapika, akaharisha, akashindwa kupumua vizuri. Alfajiri hatukuwa naye tena.

Kabla hata ya maziko maneno yalianza. Nani alipika? Mama mkubwa ndiye aliyepika, kama alivyopika kila jioni kwa zaidi ya miaka ishirini. Hospitali moja ilichukua sampuli ya yaliyokuwemo tumboni ili ipelekwe kupimwa, na sisi tukakaa kusubiri jibu kama watu wanaosubiri hukumu. Jibu halikuja. Baadaye sana tuliambiwa kwamba chupa ilifika bila lebo, bila lakiri, na bila fomu iliyojazwa ikakamilika. Hakukuwa na mtu angeweza kuapa kwamba ile ni ya baba mkubwa na siyo ya mwingine. Haikupimwa.

Wakati ule niliichukia maabara. Leo najua walifanya sawa, na kosa lilikuwa kule ilikotoka chupa. Lakini kujua hivyo hakujamsaidia mama mkubwa. Hakuwahi kushtakiwa, hivyo hakuwahi kusafishwa. Hadi leo kuna ndugu ambao kwenye shughuli za ukoo hawagusi chakula kilichopita mikononi mwake. Wanasema wameshiba.

Mara ya pili nilipoanza kusoma, niliifungua sura ya sumu kwanza, na ukurasa wa viuatilifu vya jamii ya oganofosfeti ulinisomea usiku ule neno kwa neno. Sumu hizi zinakizuia kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Kimeng'enya hicho ndicho kinachosafisha asetilikolini, kemikali inayobeba ujumbe wa mshipa wa fahamu, baada ya ujumbe kufika. Kikizuiwa, ujumbe hauzimiki. Mate, machozi, jasho, kutapika, kuharisha, mapafu kujaa majimaji, mboni za macho kusinyaa zikawa kama ncha ya sindano. Nilifunga daftari nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Niliporudi ndani nilibadilisha namna ya kusoma. Badala ya kukariri sumu na dalili zake kwenye jedwali, kwa kila sumu niliandika maswali matatu. Ningehitaji sampuli gani? Ingewekwa kwenye chombo gani, na nini kisiguse chombo hicho? Na ni kitu gani kingeweza kunidanganya?

Kwa baba mkubwa majibu yalikuwa hivi. Yaliyomo tumboni kwenye chupa yake, ini kwenye chupa yake, damu kwenye chupa yake; usichanganye viungo, kwa sababu ukivichanganya umepoteza habari ya sumu ilipita njia gani. Usiweke formalini kwenye sampuli za sumu. Formalini ni ya wanaotazama tishu kwa hadubini. Kwa mkemia inaharibu. Kisha tafsiri: kimeng'enya kikiwa kimeshuka sana na tumboni kukiwa na sumu nyingi, unaelekea kwenye kumeza. Kimeng'enya kikiwa kimeshuka na tumbo likiwa safi, ngozi na pua zinapata uzito. Na cha kudanganya? Mtu aliyepulizia dawa siku nzima akala kwa mikono isiyooshwa vizuri naye atakuwa na chembe tumboni. Kwa hiyo swali linakuwa la kiasi gani, siyo la ipo au haipo.

Swali la mama mkubwa lingeweza kupata mwanga kwenye chupa tatu zenye lebo.

Nilisoma sura zote kwa maswali hayo matatu. Ethanoli kwenye damu, kwa mfano. Sisi watu wa Kilimanjaro tumekua na pipa la mbege ndani ya nyumba, hatuhitaji kuelezwa kwamba sukari ikikutana na hamira kwenye joto inageuka pombe bila kumwomba mtu ruhusa. Damu ya marehemu ina sukari, na ina vijidudu. Ukiiweka kwenye chupa ya kawaida, ikakaa kwenye gari siku mbili njiani, inaweza kutengeneza pombe ambayo marehemu hakuinywa. Ndiyo sababu ya floridi ya sodiamu kwenye chupa ya sampuli ya pombe: inazuia uchachushaji. Nikishaliona hivyo sikuhitaji kulikariri tena.

Sasa kipimo cha Kastle-Meyer. Hiki nilitaka kukiona kwa macho yangu, kwa sababu ndicho kilichoniangusha.

Rafiki yangu anafundisha kemia kwenye sekondari moja ya kata. Likizo ya Juni mkuu wa shule alituruhusu kutumia maabara, kwa sharti la kusafisha na kurudisha kila kitu mahali pake. Tulikuwa na fenolifthalini, ileile ya titresheni ya kidato cha tatu. Tuliichemsha taratibu pamoja na hidroksidi ya sodiamu na unga wa zinki. Kazi hii haina haraka. Mwanzoni ni waridi iliyokolea kama juisi ya rozela, kisha inapauka, inapauka, na asubuhi yote ikaishia hapo tukiangalia chupa, hadi ikawa nyeupe kama maji. Hapo fenolifthalini imepunguzwa kikemia, kinyume cha kuoksidishwa. Iko tayari kurudi kwenye rangi yake pindi itakapopata kitu cha kuioksidisha.

Tulipanga vijiti vya pamba vinne mezani. Kimoja tulikigusisha damu ya kuku aliyechinjwa asubuhi ile sokoni. Cha pili, kiazi mviringo kibichi kilichokwanguliwa. Cha tatu, maji yenye mrututu, ile dawa ya bluu inayotumika kupulizia kahawa dhidi ya ukungu. Cha nne kilikuwa kikavu, hakina kitu.

Utaratibu ni tone la pombe, tone la kitendanishi (ile fenolifthalini iliyopauka), subiri, kisha tone la haidrojeni peroksaidi, ile ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa. Neno muhimu hapo ni "subiri".

Damu ya kuku: pombe, kitendanishi, kimya. Peroksaidi. Kabla rafiki yangu hajafika tatu katika kuhesabu, pamba yote ilikuwa waridi. Waridi kali kabisa, ileile ya kwenye picha za vitabu. Kuku! Himoglobini yake inafanya kazi ileile ya kuharakisha peroksaidi kuoksidisha kitendanishi, na kitendanishi hakina habari kama himoglobini hiyo ni ya kuku, ya mbuzi au ya mtu.

Kiazi kilichelewa, kisha kikaja na waridi hafifu pembeni. Mimea mingi ina vimeng'enya vya peroksidesi ambavyo vinafanya kazi inayofanana na ya himoglobini.

Mrututu ndio ulionifanya nikae chini. Ulianza kubadilika rangi kabla hatujaweka peroksaidi. Madini ya shaba yanaoksidisha kitendanishi yenyewe. Ndiyo maana unasubiri baada ya tone la pili: kikigeuka hapo, kipimo kimekufa, huruhusiwi kuendelea na kusema nimepata damu. Niliwaza lile shati la kupulizia la baba mkubwa, lenye madoa ya bluu ya miaka na miaka. Angekuja mtu mwenye haraka, akaruka kusubiri, shati lile lingemwambia damu.

Na pamba ya nne, ile isiyo na kitu? Tuliiacha mezani tukinywa chai. Tuliporudi ilikuwa imeanza kuwa waridi yenyewe, kwa hewa tu. Kwa hiyo jibu linasomwa ndani ya sekunde chache. Ukichelewa, hewa inakujibia.

Ukiwa na mwalimu wa kemia unayemfahamu, mwombe asubuhi moja ya namna hii, chini ya usimamizi, miwani ya kinga ikiwa machoni. Asubuhi ile ilinisaidia kuliko miezi miwili ya madesa.

Baada ya hapo vipimo vingine vya rangi vilijipanga vyenyewe kichwani. Kitendanishi cha Marquis, yaani formaldehaidi ndani ya asidi kali ya salfa, kinatoa zambarau kwa heroini na morfini, chungwa kwa amfetamini. Thiosayaneti ya kobalti inatoa bluu kwa kokeini. Duquenois-Levine ni kwa bangi, na pale unaangalia zambarau ikishuka kwenye tabaka la klorofomu. Vyote ni vya awali. Mwongozo wa SWGDRUG, ambao maabara nyingi duniani zinaufuata kwa dawa za kulevya, unagawa mbinu kwenye makundi A, B na C kwa nguvu ya utambuzi wake, na rangi ziko C, kundi la chini. Spektrometria ya masi, inayotambua kitu kwa uzito wa molekuli na vipande vyake, iko A. Mkifika kwenye mashine ya GC-MS, yaani kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi, elewa kwamba kromatografia inatenganisha na spektrometa inatambua, na kwamba muda wa kutoka kwenye safu peke yake hautoshi kulipa kitu jina. Hilo linapendwa sana na watunga maswali.

Sehemu ambayo watahiniwa wa kemia tunaidharau ni karatasi. Tunadhani karatasi ni za mapolisi na mawakili. Mimi sikuwa na namna ya kuidharau tena.

Tafuteni hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Tanzania, Paulo Maduka na wenzake wanne dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007. Iliamuliwa 2009, na karibu kila hukumu ya baadaye inayozungumzia vielelezo inarudi pale. Mahakama ilieleza mnyororo wa utunzaji wa kielelezo kuwa ni kumbukumbu za maandishi, kwa mpangilio wa wakati, zinazoonyesha kukamatwa kwake, kutunzwa, kudhibitiwa, kuhamishwa, kuchunguzwa na hatima yake. Niliiandika kwa mkono wangu kwenye karatasi nikaibandika juu ya kitanda. Kisha nilijifunza upande wa pili, ambao wengi hawaufikii: baadaye mahakama hiyohiyo imeeleza kwamba kwa vitu visivyobadilika au kubadilishwa kirahisi mikononi, ukali huo unaweza kulegezwa. Pembe ya ndovu siyo unga mweupe kwenye bahasha. Mkemia anayejua tofauti hiyo anaweza kusimama kizimbani kama shahidi mtaalamu na asitetereke wakili wa utetezi anapomkazia macho.

Sheria nyingine someni kwa utaratibu, hazichoshi kama zinavyoonekana: Sheria Na. 8 ya 2016 iliyoifanya maabara kuwa Mamlaka, Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003, Sheria ya Udhibiti na Usimamizi wa Matumizi ya Teknolojia ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, na ile ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015. Kwenye ya vinasaba, elewa nani anaruhusiwa kuomba kipimo. Mtu haingii tu kaunta na mtoto mkononi akadai kipimo cha uzazi. Ombi linapitia kwa waliotajwa na sheria, kama mahakama na ustawi wa jamii. Na mjue mgawanyo wa kazi. Kemia, sumu na vinasaba ni kwa Mkemia Mkuu. Alama za vidole, silaha na maandishi yana wataalamu wake Jeshi la Polisi.

Vinasaba vilinichukua muda mrefu zaidi, hasa hesabu zake. Nitaieleza hesabu moja kwa urefu kwa sababu nimewaona watu wenye shahada nzuri wakijikwaa hapo.

Chukua eneo moja kwenye vinasaba ambapo mtuhumiwa ana aleli mbili tofauti, yaani matoleo mawili ya eneo hilo, moja kutoka kwa kila mzazi. Moja inapatikana kwa marudio ya 0.1 katika jamii, nyingine 0.2. Uwezekano wa mtu yeyote kuwa na jozi hiyo ni 2 × 0.1 × 0.2, yaani 0.04, mtu 1 kati ya 25. Ukiwa na maeneo matatu yanayojitegemea yenye uwezekano huo huo, unazidisha: 25 × 25 × 25, mtu 1 kati ya 15,625. Inasikika kubwa. Mwendesha mashtaka akisimama akisema "uwezekano kwamba huyu hana hatia ni 1 kati ya 15,625", chumba kizima kinaweza kutikisa kichwa kukubali.

Sasa shika Sensa ya 2022: Watanzania 61,741,120. Gawanya kwa 15,625. Unapata watu karibu 3,950 wenye jozi hizo. Kama huna ushahidi mwingine wowote zaidi ya huo, mtuhumiwa wako ni mmoja kati ya karibu elfu nne. Ile 1 kati ya 15,625 ni uwezekano wa mtu aliyeokotwa bila mpangilio kufanana na sampuli. Haijawahi kuwa uwezekano wa mtuhumiwa kutokuwa na hatia. Ndiyo sababu maabara za leo zinapima maeneo mengi zaidi. Marekani, kwa mfano, ilitoka 13 ikaenda 20 mwaka 2017. Na hata hapo kumbuka ndugu. Kaka wa tumbo moja wanagawana aleli nyingi, hivyo hesabu ya mtu baki haifai pale mshukiwa mwingine ni mdogo wake. Kwenye nchi yetu, ambako uhalifu mwingi unatokea watu wakijuana na kuishi boma moja, hilo siyo jambo la pembeni.

Kuna kisa kimoja cha vinasaba ninachokipenda kuliko vyote. Alec Jeffreys aligundua alama za vinasaba Leicester, Uingereza, mwezi Septemba 1984. Miaka miwili baadaye polisi wa huko walikuwa na kesi ya mabinti wawili waliouawa, na walikuwa wamemshika kijana wa miaka 17 aliyekiri kumuua mmoja wao. Walimwomba Jeffreys athibitishe kwamba kijana huyo aliwaua wote. Vinasaba vikaonyesha kwamba muuaji ni mmoja kwa wote wawili, na siyo yeye. Aliyefanya alipatikana baadaye na kuhukumiwa Januari 1988. Yaani kazi ya kwanza ya vinasaba katika mauaji ilikuwa kumtoa mtu aliyekwisha kukiri kwa mdomo wake. Nikichoka kusoma nilikuwa nakirudia kisa hiki, kisha naendelea.

Hapa kwetu nawakumbuka wale wa Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipolipuka Agosti 10, 2019. Miili mingine iliungua isitambulike, na ndugu wakachukuliwa sampuli za vinasaba ili kila familia ijue mtu wake. Hakuna kesi pale, hakuna mtuhumiwa. Kuna mama anataka kujua kaburi lipi ni la mwanawe. Na hapo pia, sampuli mbili zikibadilishana lebo, mama analia kwenye kaburi la mtoto wa mwenzake.

Mara ya pili nilipita mchujo.

Mahojiano yalikuwa na watu watatu mbele yangu. Walianza na kujitambulisha, wakaingia kwenye kazi za Mamlaka, wakauliza kidogo kuhusu GC-MS. Kisha mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote alivua miwani akasema: "Ni Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Askari amesafiri usiku kucha kutoka mkoani, amekuletea bahasha ya kaki yenye unga. Lakiri imepasuka upande mmoja. Unafanya nini?"

Nilimjibu kwamba sitaifungua. Nitaandika hali niliyoikuta, nitaipiga picha askari akiwepo, nitamwita msimamizi wangu, na uamuzi wa kuipokea au kuikataa utafuata utaratibu wa maabara, ukiandikwa na sababu zake. Sitabandika lakiri yangu juu ya ile iliyopasuka.

"Ametoka kilomita mia sita. Unamrudisha?"

"Ikibidi, ndiyo, mama. Na maandishi mkononi ya kueleza kwa nini."

"Na kama mtuhumiwa ni kweli ana hatia?"

Sauti yangu ilitetemeka hapo, sitaficha. Nilimwambia hilo mimi silijui, na bahasha ile haiwezi tena kuniambia. Alivaa miwani yake akaandika kitu.

Nilifaulu usaili, nafasi hazikunitosha. Jina langu liko kanzidata, yaani kwenye orodha ya waliofaulu wanaosubiri nafasi, nasubiri kupangiwa kituo. Wapo walioniambia niache kusubiri. Sijaacha, na sijaacha kusoma. Tuko wanne, wote tuna digrii za kemia au baiolojia ya molekuli, tunakutana kila Jumamosi kwenye veranda ya mama mkubwa kwa sababu ana meza ndefu na umeme wake haukatiki sana. Kila mtu ana zamu ya kuleta maswali kumi. Swali likijibiwa vizuri, mwingine lazima aulize: nini kingekudanganya?

Jumamosi iliyopita mama mkubwa alitupikia mtori. Alileta bakuli nne, akarudi ndani akaleta la kwake. Tulikula wote mpaka sufuria ikabaki tupu. Akauliza leo tunasoma nini, nikamwambia leo ni namna ya kuandika lebo ya sampuli. Akavuta kigoda, akakaa.